Refa wa siku tatu anaua mpira wa wavu

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako kwa zaidi ya miaka 20 na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Yapo mengi niliyoyameza. Lakini ile habari mliyoitoa kwenye ukurasa wa michezo juma lililopita, kwamba washiriki wa mafunzo ya siku tatu "wameiva" katika kucheza, kufundisha na kuchezesha mpira wa wavu, imenishinda kumeza. Picha yake ndiyo iliyonitia uchungu zaidi: watu wamejipanga, vyeti vifuani, filimbi mpya shingoni.

Siku tatu, Mhariri! Kumfundisha binti kupokea mpira tu, kwa mikono miwili iliyounganishwa, magoti yamekunjwa, miguu ikitangulia kuufuata mpira kabla ya mikono, kunanichukua miezi. Hapo hajajifunza kuruka, hajajifunza bloku, yaani kuuzuia mpira kwa mikono juu ya wavu, hajajua asimame wapi timu inapozunguka na kubadilisha nafasi. Kucheza ni kazi, kufundisha ni kazi nyingine, na kuchezesha ni kazi ya tatu yenye macho yake. Mtu aliyepewa siku moja kwa kila kazi amepewa cheti tu.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Msimu uliopita timu yangu ya wasichana ilifikishwa seti ya tano, ile inayoishia pointi 15. Ubao ulikuwa 13 kwa 13, wapinzani wanaanzisha. Seta wangu, yaani mchezaji anayewapangia wenzake mpira wa kushambulia, alikuwa nafasi ya kwanza, kulia nyuma. Katika mpangilio wetu, kazi yake hapo ni kungoja mpira wa kuanzisha upigwe, kisha achomoke hadi karibu na wavu aupange mpira wa pili. Tumeirudia hatua hiyo mazoezini mpaka viatu vyake vimelika upande mmoja. Nilikuwa benchi, nikamwona vizuri: mwenzake wa nafasi ya pili yuko mbele yake hatua nzima, kila mguu uko pahali pake. Mkono wa mwanzishaji ukagonga mpira, binti akachomoka. Mpira ungali hewani, refa wa pili, yule anayesimama chini pembeni ya nguzo, akapuliza filimbi na kuzungusha kidole: kosa la nafasi. Pointi kwa wapinzani, 14 kwa 13. Kanuni iko wazi kama mchana. Nafasi za wachezaji huhukumiwa kwa miguu ilivyokanyaga sakafu pale pale mpira wa kuanzisha unapogongwa. Ukishagongwa, kila mchezaji yuko huru kwenda anakotaka katika upande wake. Kapteni wetu akamwendea refa wa kwanza kwa adabu, mikono nyuma, akaomba maelezo. Hiyo ni haki ya kapteni aliye uwanjani. Na asiporidhika, ana haki ya kutaka lalamiko lake liandikwe kwenye karatasi ya mchezo. Alichopewa ni kadi ya njano. Mpira uliofuata mabinti waliupokea kama watu waliofungwa mawe miguuni, tukapoteza 15 kwa 13.

Mchezo ulipokwisha nilimfuata yule refa wa pili. Sikwenda kugombana, nilitaka kujua. Nikamwambia, "Kijana wangu, umeona nini?" Akanijibu kwa heshima kabisa, "Mwalimu, mpira ulipokuwa unavuka wavu, yeye alikuwa ameshafika mbele." Mpira ulipokuwa unavuka wavu! Kumbe alikuwa akitazama wavu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jicho lake linapaswa kuwa kwenye miguu ya wapokeaji, na sikio lake kwenye ule mlio wa kiganja kugonga mpira. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akasema kwenye semina. Siku tatu.

Simlaumu sana kijana yule, nawalaumu waliompa filimbi. Lakini sikiliza hasara iliyobaki. Seta wangu tangu siku hiyo hachomoki tena. Anangoja mpaka mpira uvuke wavu, ndipo aanze kukimbia. Anafika amechelewa hatua mbili, anaunyoshea mpira vidole badala ya kuingia chini yake, unamtoka mkono mmoja baada ya mwingine, na anapigiwa kosa la kugusa mara mbili. Filimbi moja ya uongo imefuta mafunzo ya miaka miwili. Namwambia, "Mwanangu, kimbia, mimi najua kanuni." Ananitazama, nami naona haniamini kama anavyoiamini filimbi. Ana haki, kwani filimbi ndiyo inayotoa pointi.

Na sisi makocha tusijifiche nyuma ya marefa. Wapo wenzangu wanaofundisha mchezo walioucheza wao ujanani, enzi ambazo timu iliyoanzisha ndiyo pekee iliyoweza kupata pointi na seti iliishia 15. Mabadiliko ya kila mpira kuwa pointi, na seti kwenda hadi 25, yalipitishwa mwaka 1998, lakini mpaka leo nasikia kocha akiwapigia kelele watoto kwa sababu mpira wao wa kuanzisha umegusa wavu kabla ya kuvuka, jambo ambalo siku hizi ni halali. Mtoto anafundishwa kuogopa kitu kisicho kosa.

Sasa nije kwenu, maana hata nyinyi mna sehemu yenu. Katika habari ile ile, mwandishi wako alimsifu libero, yaani yule mchezaji maalumu wa ulinzi mwenye jezi tofauti, kwa "mkwaju mkali kutoka juu ya wavu" uliomaliza seti. Mhariri, libero haruhusiwi kumaliza shambulizi kwa mpira ulio juu kabisa ya ukingo wa wavu, awe mbele au nyuma. Hapigi bloku, wala hajaribu. Ama mwandishi amemkosea mchezaji, ama waamuzi hao hao walioiva waliiacha pointi haramu isimame. Lolote kati ya hayo mawili lilistahili kuandikwa, na halikuandikwa. Mabinti wangu huyakata maandishi yenu na kuyabandika ukutani. Wanayaamini.

Napendekeza hivi. Mtu asivalishwe filimbi kabla hajashika bendera ya mwamuzi wa mstari kwa seti 40, akijifunza kwamba mpira ukigusa mstari uko ndani, na kabla hajajaza karatasi ya mchezo kwa seti 20 nyingine, kwa mkono wake, mizunguko yote, wachezaji wote walioingia na kutoka. Kila kocha naye apande kiti cha refa mara kumi kwa msimu, mechi za mazoezi za watoto zinatosha, aone jinsi wavu unavyoonekana ukiwa juu yake. Na kila refa, kabla ya msimu kuanza, aje asimame kulia nyuma, apokee mipira 100 ya kuanzisha. Siku tatu ziwe za kumkaribisha tu mwanafunzi.

Mwandishi wako namkaribisha mazoezini kwetu Jumamosi yoyote. Nitampa kiti pembeni ya nguzo, pale asimamapo refa wa pili, na nitamweka seta wangu nafasi ya kwanza. Tutaanzisha mpira mara 30. Kila mara aniambie binti ameondoka kabla ya mpira kugongwa au baada ya kugongwa, na binti awe anasikia majibu yake.

Kocha wa wasichana,
Jina kapuni