Ndoo za plastiki iliyorejelewa zisitiwe mawese kabla asili yake haijajulikana

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie vyombo tunavyotilia mawese hapa Kigoma. Hivi karibuni nilinunua sokoni ndoo mpya nyeusi ya lita 20, ambayo muuzaji aliisifu kuwa imetengenezwa kwa plastiki iliyorejelewa na ndiyo maana bei yake ni nafuu. Niliiosha kwa sabuni, nikaianika juani siku mbili, nayo haikunuka kitu. Lakini nilipoitia mawese yaliyokuwa bado na uvuguvugu, kesho yake yalitoa harufu ya mafuta ya taa, na mboga tuliyoiunga kwayo watoto waliisukuma kando.

Sipingi kurejeleza plastiki, na waokota chupa wanaosafisha mwambao wa Ziwa Tanganyika wanastahili shukrani kuliko wanazopewa. Shida ni kwamba plastiki hufyonza kilichowekwa ndani yake, na kwa kuwa huyeyushwa kwa joto dogo kuliko chuma au kioo, dumu lililobeba kiuatilifu au mafuta ya taa linaweza kubaki na masalia yake hata likisagwa na kufinyangwa upya. Masalia ya aina hiyo huhamia kwenye mafuta kwa wepesi kuliko kwenye maji, hasa mafuta yakiwa na joto, nasi mawese tunayamimina yakiwa yametoka jikoni.

Wengi huamini kwamba pembetatu yenye namba kwenye kitako ni ithibati ya usalama, kumbe hutaja aina ya plastiki tu. Alama ya chakula ni ile ya bilauri na uma. Umoja wa Ulaya, katika kanuni yake ya mwaka 2022, unataka plastiki ya chupa za maji na soda inayorejelezwa kwa ajili ya vyakula isichanganywe na zaidi ya asilimia 5 ya ile iliyobeba vitu visivyo chakula. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, liwabane watengenezaji waandike kwa Kiswahili, kwa herufi za kusomeka, iwapo ndoo inafaa kwa chakula au la.

Ndoo ile sasa naimwagilia mchicha, na mawese nimerudi kuyatia katika dumu kuukuu lililokuja na mafuta ya kula.

Msomaji wako,
Ujiji, Kigoma