Barua ya Wazi kwa Rais wa NCAA, Chama cha Michezo ya Vyuo Vikuu vya Marekani, Kuhusu Timu za Hoki Zilizobaki Bila Ligi

Mheshimiwa Rais wa NCAA,
Makao Makuu, Indianapolis, Indiana.

YAH: OMBI LA KANUNI YA KUZILINDA TIMU ZINAZOACHWA LIGI INAPOVUNJIKA

Mheshimiwa,

Nakala ya barua hii kwa Kiingereza nimekutumia kwa posta. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya ndugu na jamaa wa Afrika Mashariki tunaoishi nao hapa Minnesota, ambao kila majira ya baridi huniuliza mtu wa Tanga anatafuta nini kwenye uwanja wa barafu.

Mimi ni shabiki wa timu ya hoki ya chuo kikuu cha Minnesota State, hapa Mankato. Naanza kwa kukiri hilo kwa sababu timu yangu ni miongoni mwa zile saba zilizoihama ligi yao kwa pamoja na kuziacha tatu bila ligi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyonufaika kuliko zote. Malalamiko ya walioachwa umekwisha kuyasikia mengi. Haya ni ya mtu wa upande ulioondoka.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, timu za hoki za vyuo vikuu vya Marekani hujipanga zenyewe katika ligi, ambazo huku huitwa konferensi. Ligi ndiyo inayoipa timu ratiba, wapinzani wa kudumu na mashindano ya kufunga msimu mwezi Machi. Mashindano ya taifa huchukua timu 16: nafasi sita ni za mabingwa wa ligi sita, na kumi zilizobaki hutolewa kwa hesabu ya matokeo ya msimu mzima. Timu isiyo na ligi inagombea hizo kumi tu, na kila mwaka inaanza upya kubisha hodi kuomba watu wa kucheza nao.

Ukitafuta chanzo cha haya yote, Mheshimiwa, utakuta zawadi. Mwaka 2010 tajiri wa gesi Terry Pegula na mkewe walitangaza kukipa chuo kikuu cha Penn State dola milioni 88 ili kijenge uwanja na kuanzisha timu ya daraja la kwanza. Hakuna aliyeona ubaya wowote, na ubaya haukuwepo. Lakini kanuni yenu inataka ligi iwe na timu sita ndipo bingwa wake apewe nafasi ya moja kwa moja, na vyuo vya Big Ten, muungano wa michezo wa vyuo vikubwa, vilivyokuwa vikicheza hoki vilikuwa vitano. Penn State ikawa ya sita. Machi 2011 Big Ten ikatangaza kwamba itakuwa na ligi yake ya hoki, tena ikiwa na kituo chake cha televisheni chenye saa nyingi za kujazwa. Ikazichukua Minnesota (si sisi wa Minnesota State) na Wisconsin kutoka WCHA, ligi tuliyokuwamo sisi, na Michigan, Michigan State na Ohio State kutoka ligi nyingine ya zamani, CCHA. Miezi michache baadaye, vyuo vyenye nguvu vilivyobaki, vikiongozwa na North Dakota na Denver, navyo vikatangaza kuunda ligi yao, NCHC. Kila mwamba ngoma huvutia kwake. Msimu wa 2013–14 ulipoanza, CCHA iliyoishi tangu 1971 ilikuwa imekufa, na WCHA, iliyozaliwa 1951, ilikuwa imeshonwashonwa kwa viraka: timu kumi zilizotawanyika kutoka Fairbanks katikati ya Alaska hadi Huntsville kule Alabama.

Wakati huo nilikuwa nikiuza bisi na soseji kwenye kibanda cha uwanja wetu. Kabla ya 2013, Minnesota walipokuja Mankato tulikuwa tunaambiwa tufike saa mbili kabla ya kawaida, na bado mashine ya bisi ilikuwa inazidiwa kabla ya kipindi cha pili. Baada ya 2013 nilijifunza kusoma ukubwa wa mgeni kwa idadi ya magunia ya mahindi tuliyofungua. Nakumbuka Ijumaa moja Huntsville walipokuja. Nilikuwa mlango wa nyuma napokea mzigo wa mikate basi lao lilipoingia. Vijana walishuka wakiwa wamevaa suti, wakaanza kushusha wenyewe mifuko yao ambayo kila mmoja ungeweza kumtosha mtoto wa darasa la nne akalala ndani, huku theluji ikiwaingia kwenye viatu vya ngozi. Jioni ile walikuwa na wazazi kama kumi na wawili, wote wamejikusanya kona moja na bendera moja ya buluu, na walishangilia kila mara golikipa wao alipozuia. Alizuia mara nyingi sana, kwa kuwa wetu walikuwa wanapiga kama wamelipwa kwa hesabu ya mapigo. Tulifungua gunia moja tu la mahindi.

Sisemi hivyo kuidharau Huntsville. Timu ile ilichukua ubingwa wa taifa wa daraja la pili mara mbili, 1996 na 1998, na ilifika mashindano ya taifa ya daraja la kwanza 2007 na 2010. Mwaka 2007 Notre Dame waliwatoa kwa mabao 3 kwa 2 baada ya nyongeza mbili za muda. Timu ya namna hiyo, katika mji ambao theluji ni habari ya gazetini, ilistahili kupewa pa kukaa.

Juni 2019 vyuo saba vilitangaza kwamba vitaondoka WCHA na kuunda ligi mpya kuanzia 2021: Bemidji State, Bowling Green, Ferris State, Lake Superior State, Michigan Tech, Minnesota State na Northern Michigan. Waliobaki ni watatu: Alaska Anchorage, Alaska Fairbanks na Alabama Huntsville, yaani watatu wa mbali. Mwezi huohuo gavana wa Alaska alikuwa amefuta dola milioni 130 za bajeti ya chuo kikuu cha jimbo, kwa hiyo pigo liliwakuta wamekwisha kuinama. Ligi mpya ikajiita CCHA, jina la marehemu, jambo ambalo kwetu sisi watu wa pwani hufanyika kwa heshima na kwa kuwauliza wenye msiba.

Nazijua sababu zao, na si za uongo. Nauli ya kuwapeleka watu karibu thelathini Fairbanks na kuwarudisha ni mzigo, na wachezaji walikuwa wanapoteza siku za masomo. Vyuo hivi vingi havina fedha za Big Ten. Sita kati ya saba viko daraja la pili katika michezo mingine na hupanda daraja la kwanza kwenye hoki tu. Lake Superior State imechukua ubingwa wa taifa mara tatu, ikiwa na mji mdogo nyuma yake. Ninachokiona kigumu kukitetea ni hiki: Julai 2020, ligi hiyohiyo iliyosema inataka uimara ilimkaribisha St. Thomas wa Saint Paul, ambaye wakati huo alikuwa bado daraja la tatu, huku wale watatu wakiwa wamesimama nje ya mlango na viatu vyao mkononi.

Yaliyofuata unayo kwenye mafaili yako, kwa hiyo nitayapitia haraka. Mei 2020 Huntsville walitangaza kuifuta timu. Mashabiki na waliowahi kuichezea wakachanga fedha kwa siku chache na kuununua msimu mmoja. Mei 2021 timu ikasimamishwa kwa kuwa haikupata ligi ya kuipokea. Anchorage nao walikatwa mwaka 2020, wakaambiwa wanaweza kurudi wakikusanya gharama za miaka miwili, na mji ukakusanya takriban dola milioni tatu. Waliporudi 2022, walicheza kwenye ukumbi mdogo wa chuo, si kwenye uwanja mkubwa wa Sullivan waliokuwa wakiutumia zamani. Fairbanks waliendelea bila ligi. Msimu wa 2022–23 walishinda mechi 22, wakafungwa 10 na kutoka sare 2, na hawakuitwa kwenye mashindano ya taifa. Kijana wa Fairbanks, mwezi Machi, wakati wenzake wenye ligi wanacheza mtoano wa ligi zao, alikuwa anaangalia matokeo ya watu wengine kwenye simu ili ajue hesabu zimempandisha au zimemshusha.

Na sisi tuliofanikiwa? Mwaka wa kwanza wa CCHA mpya tulishinda mechi 38, tukachukua ubingwa wa ligi na nafasi yake ya moja kwa moja, tukafika fainali Boston. Tuliongoza bao 1 kwa 0 hadi kipindi cha tatu, kisha Denver wakatufunga matano. Mwaka uliofuata kocha Mike Hastings akaenda Wisconsin, ndani ya Big Ten. Mwaka 2024 St. Thomas, yuleyule tuliyempa kiti cha wengine, akatangaza kwamba kuanzia 2026–27 atahamia NCHC. Hapa Mankato watu waliudhika. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikuona tungeanzia wapi kulalamika.

Ombi langu ni moja. Naomba NCAA iweke kanuni kwamba timu zinapoondoka kwa pamoja kwenye ligi na kuunda nyingine, ligi hiyo mpya isipewe nafasi ya moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa mpaka ionyeshe kwamba kila timu iliyoachwa imepata ligi, au imehakikishiwa na walioondoka idadi ya mechi, nyumbani na ugenini, kwa misimu minne. Nasema minne kwa kuwa huo ndio muda wa kawaida wa mwanafunzi chuoni. Kijana aliyesajiliwa na timu yenye ligi aweze kumaliza masomo akiwa na timu yenye ratiba.

Wanasheria wako watakuambia kwamba vyuo viko huru kuchagua wenzao, na kwamba tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1984 kuhusu haki za televisheni NCAA hukanyaga kwa tahadhari. Ni kweli. Siombi umzuie mtu kuhama. Nafasi ya moja kwa moja ni mali ya NCAA, mnaitoa nyinyi na tayari mnaitolea masharti. Sharti la timu sita ndilo lililoisogeza Big Ten mwaka 2011. Kama hesabu ya vichwa inaweza kuwa sharti, na hesabu ya walioachwa nje inaweza.

Wengine watasema jiografia haina dawa. Lakini NCAA imewahi kuipa dawa: timu inayosafiri kwenda kucheza Alaska, mechi zake za kule hazihesabiwi ndani ya kikomo cha mechi 34 za msimu. Aliyeandika kanuni hiyo alijua kwamba bila motisha hakuna atakayepanda ndege. Ninachoomba ni hatua ya pili ya wazo hilohilo.

Nakuomba jambo hili lifikishwe mbele ya kamati ya hoki ya wanaume, na majibu yao yatolewe kwa maandishi, hata kama ni ya kukataa. Huntsville hawatarudishwa na kanuni hii. Fairbanks na Anchorage bado wapo, na kila mwaka wanapiga simu kutafuta wa kucheza naye.

Wako katika michezo,

Shabiki wa Mavericks,
Mankato, Minnesota.

Nakala: Idara ya Michezo, Minnesota State.