Kabla hujashika chaki

Shoga yangu, mambo? Voisi yako nimeisikiliza yote, hadi pale unapouliza hilo darasa lako la kuwafundisha watu wazima kusoma uanze na a-e-i-o-u au uende moja kwa moja kwenye silabi. Silabi zitakuja tu, wala usizihangaikie sa hivi. Ningekuwa wewe ningehangaika kwanza na yule mtu anavyoingia mlangoni, manake mtu mzima asiyejua kusoma amezoea kujificha miaka na miaka, ndo yule anayesema "nimesahau miwani, hebu nisomee" kila akipewa karatasi. Siku anayokaa kwenye dawati lako ameshajianika tayari, ukimwaibisha kidogo tu kesho humuoni.

Afu kuna walioumizwa, na hawa hawana alama usoni. Unaweza kuwa na mkimbizi, mama anayepigwa nyumbani, aliyetoka jela, na yule aliyechapwa sana shule ya msingi mpaka akaacha, wote wamekaa tu kimya na madaftari yao. Mtu mwenye hofu herufi haziingii. Anaganda, anatazama ubao bila kuuona na we unasema huyu mzembe, kumbe ulipita nyuma yake ukainama begani kumsahihishia, au umefunga mlango, au umempandishia sauti mtu mwingine kabisa. Pita mbele wakuone, uliza "nikae hapa nikuoneshe?", na anayetaka kiti cha karibu na mlango muachie, usimlazimishe aje mbele.

Ila kama kuna kitu kimoja ningekuomba ukiweke siku ya kwanza ni ruhusa ya kusema "nipite", bila maelezo na bila wewe kukunja uso. Hebu fikiria ule mtindo wa kusoma kwa sauti kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyekaa wa sita anahesabu sentensi mpaka aipate ya kwake, anaikariri midomo ikicheza, jasho linamtoka, za wenzake zote tano hazijaingia kichwani hata moja, na akimaliza yake anapumua ndo basi somo limeisha. Hapo umefundisha nini sasa? Wasome wawili wawili, au wote kwa pamoja, na wewe ukiwemo, anayetaka kusoma peke yake atajitolea, na utashangaa wanavyojitolea wakishajua hakuna anayewalazimisha.

Najua utaniletea Paulo Freire, yule mwalimu Mbrazili, maana kila aliyepita kwenye semina za kisomo anamtaja. Na mimi nampenda, ile kazi yake ya mji wa Angicos kule Brazil mwaka 1963, kuwafundisha vibarua kusoma kwa maneno ya maisha yao, tofali likageuka somo, tena nchi ambayo wakati huo asiyejua kusoma hakuruhusiwa kupiga kura! Shida ni watu wanaomwelewa vibaya, wanadhani maisha ya mwanafunzi ni yale ya kuliza. Siku ya pili tu mwalimu anasema "andika kuhusu utoto wako". Jamani! Kuna mtu utoto wake hataki hata kuukumbuka. Mpe njia ya kutokea, aandike kuhusu utoto AU kazi anayoijua kwa mikono yake AU namna ya kufika sokoni, achague mwenyewe. Akichagua yale mazito, sawa, ni yeye ameamua.

Na mama akikwambia kwamba nyumbani anapigwa, usimuahidi siri ambayo huwezi kuitunza, na usikimbilie kwenda kuongea na mumewe, utamponza. Msikilize, muulize anataka nini, na uwe umeshajua mapema wa kumuelekeza kwake, sio uanze kutafuta namba yeye akiwa amesimama hapo analia. Wewe ni mwalimu, usijifanye daktari wa akili.

Vitu vidogo sasa. Weka kabati la madaftari pale pale darasani, kuna ambaye daftari likionekana kwake linachanwa. Grupu la WhatsApp usiunde kabla hujawauliza, namba ya kila mtu inaonekana na wote humo, na wengine simu zao zinakaguliwa. Picha za kupost ndo kabisa, usithubutu bila ruhusa ya kila mmoja. Vitabu vya "Juma anacheza mpira" rudisha ulikovitoa, mtu ana wajukuu unamsomesha kitoto? Leta cheti cha dawa, fomu ya hospitali, meseji ya muamala. Waite wanavyotaka kuitwa, kama ni Mama Fulani, Mzee, au jina lake tupu. Na kabla hujasema mtu ni mgumu kuelewa, angalia macho na masikio, maana wapo wanaokwama kwa kuwa ubao hawauoni, na wapo ambao herufi zinawachanganya tangu utotoni, ile wanayoiita disleksia, akili zao nzima kabisa. Andika kubwa, na sema kwa mdomo kila unachoandika.

Nitumie picha ya hilo darasa likiwa tupu, nataka kuona madawati yamepangwaje na mlango upo upande gani, afu tupigiane jioni ukishawalaza watoto.

Wako wa siku zote.