Kamalondo na Golf, ni muji moja ao mbili?

Bwana Mhariri,

Wazungu wa Élisabethville, ni jina ya zamani ya Lubumbashi yetu, walitenga muji na eneo tupu katikati, walisema eti ni juu ya malaria, mbu isitoke kwa weusi ije kwao, na wazee wetu wakawekwa Kamalondo, mtaa ya weusi. Uhuru ya 1960 ilipita zamani lakini leo feza ndio inatenga, mwenye nayo anajenga Golf, mtaa ya matajiri, nyuma ya kibambazi kirefu, mwengine anabaki huku Katuba ao anasukumwa mbali zaidi, maji ni ya kutafuta, kuran ya umeme inakatika, na watoto wanakomaa bila kujuana. Inaniuma sana! Serikali ianze na maji na masomo ya mzuri huku kwetu, barabara zitengenezwe taksi bisi zifike, na kartie (mitaa) mupya zichanganye parsele (viwanja) kubwa na ndogo.

Msomaji, Katuba, Lubumbashi