Kwa mdogo wangu aliye ndani ya arobaini

Mdogo wangu,

Hongera tena. Uchungu umekwisha, mtoto amelia, kilo tatu na gramu mia moja, na wewe umerudi Mbagala kwa miguu yako mwenyewe. Jana jioni nilipowaona mnashuka kwenye bajaji, shangazi kabeba mfuko, shemeji kamshika mtoto kama kashika yai, nilimshukuru Mungu palepale barabarani.

Leo nimekupigia mara tatu. Mara zote amepokea shangazi: umelala, unakandwa, unakunywa uji. Nikamwomba akwambie kesho Jumanne twende kliniki. Akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Kliniki ipo, haihami." Sikuweza kubishana naye kwenye simu. Ni mkubwa wangu, na watoto aliowalea kwa mikono yake siwezi kuwahesabu. Ndiyo maana naandika. Naandika wazi kwa sababu najua wako wengi waliojifungua wiki hii nao wameteremshiwa pazia, na kwa sababu kuna jambo la nyumbani kwetu tumelinyamazia miaka kumi na minne.

Sina ugomvi na arobaini. Mimi nami nilikaa ndani, nikakandwa kwa maji ya moto, nikanywa uji wa pilipili manga hadi jasho likanitiririka, nikaletewa supu kitandani. Aliyetoka kujifungua anahitaji yote hayo, na mtoto mchanga anahitaji joto na kuepushwa na msongamano wa watu. Kilichoharibika ni hesabu. Arobaini ikiisha zinabaki siku mbili tu kufika wiki sita, na wiki ya sita ndiyo siku ya chanjo nyingi: sindano ya pentavalenti inayokinga magonjwa matano kwa pamoja, ile ya nimonia, matone ya polio na ya rota ya kuzuia kuhara. Basi mama anatoka ndani, anakwenda kliniki, na mtaa mzima unaamini kwamba kliniki ya mtoto huanzia hapo. Haianzii hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka mtoto awe ameshatazamwa mara tatu kabla ya siku hiyo: ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa ya 48 na ya 72, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14. Hiyo ya wiki ya sita ni ya nne. Ya kwanza umeipata wodini. Ya pili ni kesho.

Sasa nikwambie jambo lenyewe.

Unakumbuka mwanao, huyu niliyemzaa mimi, alipozaliwa? Ulikuwa darasa la nne, ulikuja likizo, ukawa kila saa unachungulia pazia umwone. Alizaliwa mzima. Alilia, akanyonya siku hiyohiyo. Chumba changu kilikuwa na pazia zito la kahawia na balbu moja yenye mwanga wa manjano iliyowaka mchana na usiku. Nilikuwa nimeambiwa nirudi siku ya tatu, karatasi hiyo ninayo mpaka leo. Hatukurudi. Siku ya nne akaanza kulala sana. Kila aliyeingia kumwona alisema, "Mashallah, mtoto mpole huyu, hasumbui." Nami nikaona fahari, nimejaliwa mtoto mpole. Siku ya tano nikawa namtekenya nyayo ili anyonye. Anavuta mara mbili tatu, analala. Siku ya sita akakunja shingo kwa nyuma na kulia kilio chembamba ambacho sijakisikia tena kwa mtoto mwingine yeyote. Jirani yetu ndiye aliyevuta pazia. Mwanga wa jua ulipoingia tukamwona: manjano kuanzia usoni hadi nyayoni, na weupe wa macho haupo.

Ndani ya nyumba kukawa na maneno. Wengine wakasema zongo, kaonwa na jicho, atafutwe mtu wa kumfunga. Saa zikapotea hapo. Tulifika hospitali usiku, wakamweka chini ya taa za bluu, kisha wakambadilisha damu. Akapona, kama kupona ni kubaki hai. Alipofika mwaka na nusu ndipo tulipogundua kwamba mlango ukibamizwa nyuma yake hageuki. Daktari wa masikio alisoma ile historia na kutuambia kuwa ule umanjano ndio ulioondoka na usikivu wake. Leo ana miaka 14, anasoma, anachora vizuri kuliko mtu yeyote kwenye ukoo wetu, na anakuita mama mdogo kwa vidole vyake. Ninamwonea fahari kila siku. Lakini marehemu mama alitukataza kuisema hadithi hii. Watu waliambiwa amezaliwa hivyo, nawe uliambiwa hivyo. Mama alikuwa anajilaumu kwa lile pazia, na sikuwa na moyo wa kumwongezea. Sasa naisema kwa sababu nawe uko nyuma ya pazia.

Umanjano wa mtoto mchanga si ile homa ya manjano inayoletwa na mbu, ingawa watu wetu wanaviita kwa jina moja. Mtoto akizaliwa, chembe nyingi nyekundu za damu alizokuja nazo tumboni huvunjika, na katika kuvunjika hutoa rangi ya njano iitwayo bilirubini. Ini ndilo huiondoa, na ini la mtoto wa siku mbili bado changa. Kwa hiyo watoto wengi huwa na manjano kidogo, hufikia kilele siku ya tatu hadi ya tano, kisha hujiondokea. Ndiyo sababu siku ya tatu ikachaguliwa! Kwa baadhi yao, hata hivyo, rangi hiyo hupanda haraka hadi ikaingia kwenye ubongo, na huko huharibu usikivu, au huleta mtindio wa ubongo, au huua. Wanaopandiwa haraka ni pamoja na wenye damu isiyolingana na ya mama zao. Mimi ni kundi O, mwanangu ni B. Wewe nawe ni O, tazama kadi yako ya ujauzito. Wengine ni waliozaliwa kabla ya wakati, wasionyonya vya kutosha, na wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kile kinacholinda chembe nyekundu zisivunjike, upungufu ambao ni wa kawaida kwenye maeneo yenye malaria kama haya yetu. Hawa wa mwisho, naftalini huwavunja damu. Nasema vile vidonge vyeupe tunavyoweka kabatini kufukuza mende na nondo. Zile nguo za mtoto ulizopewa na wifi nilizinusa mwenyewe Jumapili. Tafadhali usimvalishe, nitakuletea nyingine.

Kumtazama si kazi ngumu, ila kunataka mwanga wa mchana. Kwenye ngozi yetu manjano hujificha. Msogeze dirishani, bonyeza ncha ya pua au paji la uso kwa kidole kisha achia, tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Viganja na nyayo vikiwa njano hakuna cha kusubiri asubuhi, na vivyo hivyo kwa mtoto anayeonekana wa manjano kabla hajatimiza saa 24. Najua shangazi atasema tumwanike kwenye jua la asubuhi. Jua dogo halimdhuru akiwa amefunikwa vizuri, lakini haliwezi kazi ya zile taa, na akina mama wengi hupoteza siku mbili tatu wakianika mtoto ambaye alitakiwa kupimwa damu. Na manjano yakivuka siku ya 14, hasa choo kikiwa cheupe kama chokaa, mrudishe mbio. Huenda njia ya nyongo imeziba, na upasuaji wake hufaa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajafikisha miezi miwili.

Kesho watampima uzito akiwa uchi. Usishtuke akiwa amepungua. Watoto karibu wote hupungua siku za mwanzo, na wa kilo 3.1 hatakiwi kushuka chini ya 2.8 hivi. Ifikapo wiki ya pili awe amerudia uzito wa kuzaliwa, baada ya hapo aongeze kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Namba hiyo ndiyo itakayokulinda na maneno. Mtoto akikonda huku kwetu, hawaulizi ananyonya vipi, wanauliza mmembemenda lini. Nimeona ndoa zikitikisika kwa neno hilo, wakati mtoto alikuwa hajashikizwa titi vizuri tu, na nesi angeweza kuliona hilo kwa dakika tano akimtazama anavyonyonya. Mwombe akutazame.

Mwombe pia amvue mtoto na kumkagua mwili mzima. Nesi ana foleni ndefu na si mkosefu, ila siku nyingine foleni humfanya ampime uzito tu na kuandika kadi. Sema kwa heshima: "Dada, naomba umtazame kuanzia utosi." Atasikiliza moyo na pumzi, atamulika macho, atafungua mdomo aone kaakaa, atakunja nyonga kuona kama zimekaa sawa, ataangalia njia ya haja na, kwa kuwa wa kwako ni wa kiume, kama kokwa zote mbili zimeshuka. Atauliza choo na mkojo. Moyo wenye kasoro waweza kunyamaza siku ya kwanza ukasikika siku ya tatu au wiki ya pili, ndiyo maana hawamalizi kazi yote wodini.

Kitovu kiache kikavu. Kitaanguka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15. Bibi atakuwa na hofu kisimwangukie mtoto wa kiume sehemu za siri akaja kuwa hana nguvu za kiume. Mwambie nepi itakunjwa chini ya kitovu, atatulia. Lakini majivu, mate, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe, hapana kabisa. Pepopunda huingilia hapo. Uzi mweusi mkononi uache kama unampa bibi amani, hauumizi mtu. Wanja machoni usikubali, kwa sababu baadhi yake una madini ya risasi.

BCG, ile chanjo ya kifua kikuu, alipata wodini? Sikuona maandishi kwenye kadi. Ukiambiwa "leo haipo, rudi Jumatano," jua sababu: chupa moja ina dozi 20, na ikishafunguliwa lazima iishe ndani ya saa sita, kwa hiyo vituo vingine hukusanya watoto siku moja. Ulizia siku hiyo, uiandike. Tone la polio la kuzaliwa lenyewe lina mwisho, siku ya 14. Aliyengoja arobaini amelikosa.

Nawe upimwe presha. Kifafa cha mimba chaweza kumshika mtu hata baada ya kujifungua. Waonyeshe mshono, waambie damu inatokaje, na ukijisikia kulia bila sababu waambie hilo pia. Usimfiche nesi kitu kwa aibu.

Katikati ya siku za kliniki, haya hayangoji siku: amekataa kunyonya, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, joto limezidi 37.5 au mwili umepoa chini ya 35.5, ana degedege, ngozi kuzunguka kitovu imekuwa nyekundu. Na lile langu: analala mno, haamki hata kwa kunyonya. Mtoto wa siku nne anayepitisha saa tano bila kudai titi si mpole. Mtoto mzima anasumbua, anaamsha nyumba saa nane za usiku.

Utafiti wa Demografia na Afya wa nchi yetu wa 2015-16 ulikuta watoto 67 katika kila 1,000 wakifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Hayo ni mafanikio makubwa na wauguzi wetu wanastahili shukrani. Ila kwa wale wa siku 28 za kwanza, tulitoka 25 tukafika 24. Tumejifunza kuwalinda wanaotembea, hawa walio nyuma ya pazia bado. Kila nikiziona namba hizo namwona mama na lile pazia la kahawia, na sina hasira naye hata chembe. Hakuna aliyetuambia kwamba kutoka mara moja asubuhi, mtoto akiwa amefunikwa, kisha kurudi ndani kuendelea kukandwa, hakuvunji arobaini ya mtu.

Kesho saa moja na nusu asubuhi nitakuwa mlangoni na bajaji, yule kijana wa pale Tandika anayeendesha taratibu. Kwenye kituo cha serikali mtoto wa umri huu hatozwi, kwa hiyo usihangaike na hela. Weka kadi zote mbili juu ya mfuko. Mnyonyeshe kabla hatujatoka, mfunike na kile kishuka cheupe. Shangazi, shikamoo. Ukiisoma hii, naomba twende wote, kiti cha nyuma kinatutosha watatu. Nitabeba chai ya maziwa kwenye chupa, na tangu sasa hivi naomba mmoja wenu alivute lile pazia.

Dada yako