Nilimuuzia maji nikidhani namwokoa

Mhariri,

Mimi nauza smoki, mayai boilo, maji na Big G nje ya klabu moja hapa Nakuru, jina siwezi taja juu bado nataka kuuza hapo. Nimekaa hapo miaka sita na nimejua kusoma watu. Mlevi wa pombe anakuja kutafuta mayai na pilipili mingi, anaongea sana, anakuambia wewe ndio mamake. Lakini kuna hawa wengine, watoto wa juzi, chakula hawataki kabisa, wanataka Big G na maji, maji na Big G, taya inasaga utadhani ng'ombe anacheua, na macho imekuwa nyeusi yote hata ukimulika na taa ya simu. Kwa muda mrefu nilidhani ni miraa, sasa nikawa najiuliza, miraa si hutafunwa, mbona mdomo hauna majani?

Kumbe ni ekstasi, dawa ya kulevya ya kumeza. Wao wanaita tembe, wengine moli.

Kuna Jumamosi moja Julai, na nyinyi wa Nakuru mnajua baridi ya Julai, mimi nilikuwa na sweta mbili na leso kichwani, saa nane usiku hivi kijana anatoka ndani ametoa shati, jasho inatiririka mpaka kwa mshipi wa suruali. Akaitisha maji. Nusu lita ya kwanza, akapiga yote hapo hapo, ya pili, ya tatu, alafu marafiki wakachukua ile chupa kubwa ya lita moja na nusu wakaanza kumnywesha, "Mathe leta maji, maji ndiyo inatoa hiyo kitu." Saa moja haijaisha ako na lita tatu tumboni. Na wacha niseme ukweli, mimi nilifurahi kidogo, kwanza ni biashara, pili niliona namsaidia mtoto wa mwenyewe.

Akatapika. Akashika kichwa ati kinapasuka, akaanza kuongea na mtu mimi simwoni, alafu akaanguka karibu na jiko yangu, akatetemeka mikono na miguu. Baunsa akakuja mbio, nikadhani amekuja kusaidia, kumbe ni kusema wamtoe mbele ya geti. Marafiki nao wakaanza mkutano. Mmoja anasema tukimpeleka hosi wataita karao, mwingine anataka maziwa ati maziwa inaua sumu, saa nane usiku utatoa maziwa wapi, mwingine anasema alale tu itaisha. Huo mkutano ulichukua kama dakika ishirini mhariri, na mtoto ako chini. Ni jamaa wa boda ndiye alisema nyinyi ni wajinga, tukamweka katikati, mimi nyuma namshika, jiko nikaachia jirani.

Hosi tukifika nesi anauliza amekula nini, na hawa vijana (walikuwa wametufuata na boda ingine) wanasema ati ni mutura mbaya. Mutura! Mimi siuzi mutura lakini wenzangu wanauza na niliumia kwa niaba yao. Nesi akaanza kumshughulikia kama mtu wa tumbo, mpaka msichana mmoja akalia akasema alimeza tembe, akaona haishiki, akameza ingine. Hapo ndipo kazi ilibadilika. Wakamtoa nguo, wakamwekea vitambaa vya maji baridi kwapani na kwa mapaja, feni ikaletwa, akadungwa sindano ya kutuliza ile kutetemeka, damu ikapelekwa kupimwa chumvi, na nesi akasema hakuna mtu ampe maji tena hata tone.

Nilimuuliza baadaye kwa nini, juu nilikuwa nasikia vibaya. Akanieleza kwamba hiyo dawa inafanya mwili upike joto, na mtu anacheza masaa kwa ukumbi umejaa hasikii uchovu, joto inapanda mpaka misuli inaanza kuharibika na uchafu wake unaziba figo. Lakini pia inazuia mkojo. Sasa ukimwaga lita tatu kwa mtu hakojoi, chumvi ya damu inashuka, maji inaingia mpaka kwa ubongo, ubongo unafura na hauna mahali pa kwenda ndani ya fuvu. Huko Uingereza 1995 kuna msichana wa miaka 18 alikufa hivyo, alikuwa amekunywa kama lita saba. Mtu anacheza anywe polepole, nusu lita kwa saa inatosha, na kama amekaa tu apunguze. Na hiyo ya kuongeza tembe ya pili ndiyo mtego mwingine. Kuna tembe zinauzwa kama ekstasi na ndani ni PMA, dawa ingine, hiyo inachelewa kushika na ni kali zaidi, mtu anasema nimeuziwa feki anaongeza, alafu zote zinaamka pamoja.

Kitu ingine sikuwa najua, na hii tafadhali msitoe. Mtu anameza dawa zingine za msongo wa mawazo, ekstasi inaweza kumzidi, na akiwa anameza ARV zile ziko na ritonavir, tembe moja inaweza kumfanyia kama kadhaa, juu hizo dawa zinazuia ini kuitoa. Wangapi huku kwetu Nakuru na Kisumu wanameza ARV kimyakimya na hawawezi sema mbele ya marafiki? Ndio maana nasema daktari aambiwe yote, na aambiwe mapema. Hakuna dawa ya kuifuta ekstasi kwa damu, wanachotibu ni joto, degedege, chumvi na moyo mpaka iishe yenyewe, sasa dakika ishirini za mkutano na zingine za mutura ni nyingi sana.

Najua vijana watanijibu ati ni dawa, ilitengenezwa na kampuni ya Merck huko Ujerumani 1912. Ndio, msichana wangu ako KMTC, chuo cha mafunzo ya afya, aliniambia, tena walikuwa wanatafuta dawa ya kuzuia damu kutoka, sio ya kufurahisha mtu. Watasema Australia tangu Julai 2023 daktari wa akili anaweza kuwapa watu wenye kiwewe. Sawa, lakini huko mgonjwa amepimwa moyo, amelala kwa kiti na wataalamu wako kando yake, dozi inajulikana. Marekani nao waliikataa Agosti 2024. Wewe umeuziwa na mtu wa kofia kwa choo.

Sasa kutibiwa. Huyo kijana alipona, na wiki tatu hivi baadaye alikuja kwangu mchana peke yake akanilipa ile chupa kubwa, hawakuwa wamelipa. Nikamkalisha. Akaniambia amekuwa akimeza kila wikendi tangu amalize shule, Jumapili ako sawa, lakini ikifika Jumanne anasikia dunia ni kama imezimwa, hakuli, hapati usingizi, anakasirikia mamake bure, na Ijumaa anameza tena juu ndiyo inamtoa hapo, na siku hizi moja haitoshi. Mamake alitaka kumpeleka mahali wanafungia watu na kuwaombea. Mimi siwezi kataa maombi, lakini kufunga mtu ni kitu ingine. Tukapiga 1192 ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na pombe na dawa za kulevya, kwa simu yangu, hailipishwi, wakamwelekeza kwa kaunsela. Wazazi muelewe, ya hii hakuna kidonge cha kutibu, methadone ni ya watu wa heroini, hapa kazi kubwa ni ya kuongea, kujua ni nini inakusukuma, marafiki gani, saa gani, na kutibu ile huzuni ya chini. Na kabla ulipe rihabu pesa ya shamba uliza kama imeidhinishwa na NACADA, wakianza kuzungukazunguka enda nyumbani.

Kwa wenye klabu naomba vitu viwili tu. Mahali pa kukaa pako na hewa baridi, na baunsa ajue mtu anaungua sio mlevi wa kutupwa nje. Kwa polisi, msikae kwa mlango wa kasualti kungoja watoto, juu hiyo ndiyo inafanya waseme mutura.

Kijana ameenda kwa kaunsela Alhamisi nne sasa. Akitoka anapitia kwangu, anakula smoki mbili na kachumbari. Maji hataki, tunacheka, namwekea chai.

Mama Smoki,
Nakuru