Mume wangu anaumwa mota nyuroni, tabia imebadilika na ndugu zake hawaniamini

Habari zenu, wakubwa shikamooni. Mi ni mama wa watoto watatu, nipo Morogoro, naombeni ushauri ila msinirukie kabla hamjamaliza kusoma.

Mume wangu ana miaka 56, alikuwa fundi seremala. Mwaka juzi mkono wa kulia ukaanza kulegea, randa inamponyoka, tukahangaika na masaji na mitishamba mpaka dokta wa mishipa ya fahamu akasema ni mota nyuroni, zile neva zinazoamrisha misuli zinakufa kidogo kidogo. Sa hivi hatembei bila kushikwa na akiongea utadhani kalewa. Hilo nimeshalipokea.

Kinachonimaliza ni tabia. Kwenye msiba wa mama yake mdogo alicheka, yaani kicheko mpaka machozi, watu wote wakageuka. Dokta kasema kicheko hicho hakitoki moyoni, ni breki za ubongo zimekatika, na kweli hata tangazo la sabuni linamliza. Sawa. Lakini juzi binti yetu kaungua na uji mbele yake, akamwangalia tu halafu akauliza soda yake iko wapi. Huyu baba alikuwa halali mtoto akikohoa! Na vitamu sasa, anashindilia andazi la pili la kwanza hajameza, na koo lenyewe dhaifu, kila siku anapaliwa.

Kliniki walimwambia ataje maneno yanayoanza na herufi moja, yakatoka matatu. Wakanieleza kwamba karibu nusu ya wagonjwa hawa fikra au tabia hubadilika, na kama 10 hadi 15 kwa kila 100 inafikia dimensia kabisa, ile ya sehemu ya mbele ya ubongo, sio ya kusahausahau kama ya wazee. Kumbukumbu anayo, mpaka leo anamdai jirani 40,000 ya meza ya mwaka 2021, ndo maana kwao wananiona muongo. Shemeji mkubwa ananiambia mbona Stephen Hawking, yule mwanasayansi wa Uingereza, aligundulika na ugonjwa huu huu 1963 akafa 2018 na akili zake zinatuzidi wote? Haya, yeye hakuguswa huko, wa kwangu kaguswa.

Sasa mwezi uliopita mtoto wa wifi kaja na karatasi, mume wangu akaweka dole gumba, kumbe anauza kiwanja chetu kwa bei ya kutupa. Namuuliza ananijibu "si kaomba". Nimegoma kusaini, mawifi wanasema namfanya mume kichaa ili nimrithi akiwa hai.

Kikao cha ukoo ni Jumapili. Niende na barua ya dokta isomwe na yeye amekaa pale pale? Mwenyewe anasema hana tatizo lolote, na anasikia kila kitu. Au nitangulie kwa wakili na mwenyekiti wa mtaa kimya kimya, halafu nionekane nimeficha? Aliyepitia haya aniambie alianzaje kuwaelewesha ndugu bila kumvua nguo mzee wa watu mbele ya wadogo zake.